Massey 35 ya baba mdogo: chaji inapotelea wapi?

Jumamosi

Kazi mpya hiyo wadau. Baba mdogo yuko Urambo, ana trekta la Massey Ferguson 35, jekundu la zamani ambalo jua limeshalipiga mpaka rangi imekuwa ya tofali, injini ni Perkins silinda 3, ile ya inchi za ujazo 152 ambayo kwa hesabu zetu ni kama lita 2.5. Linalima mahindi na karanga, msimu wa kukausha tumbaku linavuta trela la kuni kwenda kwenye mabani, na katikati ya hapo linakodishwa na kila mtu mwenye shamba jirani. Kwa kifupi halipumziki.

Mzee mmoja jirani anaapa kwamba trekta hili lililetwa na Waingereza wa ule Mpango wa Karanga, mradi wao mkubwa wa kulima karanga Tanganyika. Nikamwambia mzee wangu, mpango ule umeanza 1947 na 1951 ukafa, hizi 35 zimeanza kutoka kiwandani Coventry 1956, jina la Massey Ferguson lenyewe ni la 1958, na hii Perkins ya silinda 3 imewekwa kwenye 35 mwishoni mwa 1959. Akaniuliza, "Wewe ulikuwepo?" Nikasema hapana shikamoo mzee, nikaendelea na kazi.

Sasa tatizo. Betri haijai. Asubuhi ukizungusha stata inagonga tak mara moja basi. Dereva wake hana presha kabisa manake dizeli ikishawaka haihitaji umeme, pampu inazungushwa na injini na kuzima ni kuvuta ile nobu tu, kwa hiyo wanachofanya ni kulipaki kwenye kichuguu. Urambo ni tambarare, mteremko utautoa wapi, basi wamechonga kichuguu kimoja kikubwa nyuma ya nyumba, jioni linapandishwa kinyumenyume, asubuhi jamaa anaachia breki, anaweka gia kubwa, anaachia klachi, limewaka. Shida inakuja likizimika shambani. Huko hamna kichuguu kwa hiyo hawalizimi kabisa, linaunguruma kutwa nzima hata wakati watu wanakula, dizeli inaondoka bure. Na taa za usiku hamna, wakati mvua za Novemba zikifika kila mtu anataka alimiwe yeye kwanza na usiku ndo muda wa kupunguza foleni.

Ushauri aliopewa baba mdogo na kila aliyepita ni mmoja: toa hiyo dainamo (mashine ya zamani ya kuchajia betri inayozungushwa na injini) tupa, funga altaneta ya gari, ambayo ndo mrithi wake. Sina ugomvi na altaneta, zinachaji hata saileni, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa, na ampia zake ni nyingi. Ila hakuna hata mmoja aliyepima kitu chochote kabla ya kutoa huo ushauri, na hapo ndo mimi naanza kukataa.

Jumapili, betri kwanza

Vifaa nilivyobeba: multimita ya bei rahisi, balbu ya volti 12 yenye waya mbili, spana, msasa laini, na mkono wa kuchomea risasi wa zamani unaopashwa kwenye moto wa mkaa (usicheke, unafanya kazi hata umeme ukikatika).

Betri ilikuwa volti 11.6. Hiyo ni tupu. Betri ya risasi ya volti 12 ikijaa na kutulia inasoma 12.6 au 12.7, ikifika 11.8 hivi ujue imebaki kidogo sana. Nikaipeleka kwa jamaa anayechaji betri karibu na stendi, ikalala huko, kurudi ikawa 12.7 na baada ya kukaa masaa kadhaa bila kuguswa ikabaki 12.6. Nikaifunga, nikazungusha stata huku dogo kashika mita, ikashuka mpaka 10.4 na injini ikawaka vizuri tu. Betri ambayo ikizungusha stata inabaki juu ya 10 sio betri mbovu. Kwa hiyo pesa ya betri mpya, ambayo tayari ilikuwa imeshatengwa, ikarudi mfukoni kwa baba mdogo na mimi nikapata heshima kidogo kabla sijafanya lolote la maana.

Hapohapo dogo (ni fundi umeme wa magari, kijana mwelewa) akashtuka, "Kaka hii betri imefungwa kinyume." Hapana. Nyaya ya pozitivu ndo iko kwenye bodi, na ndo ilivyotakiwa. Mashine nyingi za Uingereza za miaka hiyo ethi yake (upande wa betri unaofungwa bodini) ni pozitivu, negativu ndo inayokwenda kwenye swichi na taa. Ukiigeuza bila kujua unachofanya unaanzisha matatizo mapya, na ukifunga altaneta ya kawaida juu ya mfumo huu bila kugeuza nyaya za betri, dayodi zinaungua palepale. Wale washauri wa altaneta hakuna aliyeligusia hilo.

Pia hapo nikaelewa kesi ya zile taa za LED. Baba mdogo alinunua mbili, hazikuwaka, akasema ameuziwa feki. Sio feki. LED inajali upande, na aliyezifunga aliweka nyeusi kwenye bodi kama kwenye gari za siku hizi. Nikageuza, nyekundu ikaenda bodi nyeusi ikaenda swichi, zikawaka. Kabla ya kufanya hivyo pima kwanza kama kasha la taa lenyewe halijaunganishwa na waya mweusi kwa ndani, likiwa limeunganishwa na limefungwa kwa bolti kwenye bodi utapiga shoti.

Turudi kwenye chaji. Injini inaunguruma, mita kwenye betri inasoma 12.4 na inashuka taratibu, na taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi inawaka tu, ukanyage mafuta usikanyage, haibadiliki. Feni belti nzuri, ukiibonya kwa dole gumba inaingia nusu inchi na kidogo. Nikazima kila kitu, nikachomoa waya wa betri nikaweka mita katikati kuona kama kuna umeme unavuja usiku. Hamna. Kwa hiyo betri haiibiwi, ila haipewi.

Jumatatu, dainamo

Dainamo ni Lucas, familia ya C40, ile iliyofungwa pande zote isiingize vumbi. Za namna hii za matrekta hutoa kama ampia 11 tu, wakati ndugu zake za magari zenye matundu ya hewa zinatoa 22. Ukikumbuka hiyo namba hutaiwekea dainamo mzigo wa taa za disko.

Ina sehemu mbili za kufunga waya nyuma: D kubwa inayotoa umeme, na F ndogo inayolisha koili za sumaku. Kipimo chake ni rahisi mno na sijui kwa nini watu hawakifanyi. Unachomoa waya zote mbili, unaunganisha D na F kwa kipande cha waya, unaweka mita kati ya hapo na bodi ya dainamo (kwenye ethi pozitivu nyekundu inakaa bodini, nyeusi kwenye D), unawasha injini unapandisha mizunguko polepole. Dainamo nzima inapanda haraka mpaka volti 20, na ikifika 20 unaacha, usiendelee, manake haina kitu cha kuizuia. Ikisoma sifuri kabisa angalia brashi. Ikisoma nusu volti mpaka volti 1, tatizo liko kwenye koili za sumaku. Ikisoma 4 au 5, amecha (kile kinachozunguka ndani) ina shida.

Yetu ikasoma volti 1 hivi, ikawa inachezacheza hapohapo. Koili za sumaku.

Nikapima F na bodi kwa ohmu. Koili za C40 zinatakiwa zisome kama ohmu 6. Mita haikusoma kitu, nikatikisa ile bolti ya F kwa kidole ikaruka ikasoma 6 alafu ikapotea. Nilifurahi sana jamani, manake koili kuungua ndani ni habari ya kutafuta mtu wa kusuka upya, lakini koili inayosoma 6 ukitikisa ni nzima, iliyokatika ni njia ya kuifikia.

Jumatatu jioni, tumeifungua

Bolti mbili ndefu nyuma, kitako kinatoka na brashi zake. Ndani kuna vumbi la mkaa wa brashi limechanganyika na grisi likawa tope kavu. Waya wa koili unaposhikana na F kwa ndani, risasi yake imeachia, waya umekaa tu umegusa kwa upande, na gamba lake limebadilika rangi limekuwa kahawia. Hiyo rangi niliiona nikasema hii imepata joto. Nikaiacha kichwani kwanza.

Nikakwangua, nikatia risasi mpya, nikavalisha kimrija kipya cha kuzuia shoti. Brashi moja ilikuwa imenasa kwenye nyumba yake, haishuki, springi inasukuma bure. Nikasafisha kwa kitambaa cha petroli mpaka ikawa inateleza. Urefu wa brashi bado unatosha msimu huu. Ile sehemu ya shaba ambayo brashi zinakanyaga nikaipitisha msasa laini huku amecha inazungushwa kwa mkono, alafu nikachimba maika (kizuia umeme kilicho katikati ya vipande vya shaba) kwa kipande cha blade ya msumeno wa chuma nilichokisaga kikawa chembamba. Maika ikilingana na shaba brashi zinadunda na kupiga cheche. Msasa wa chuma usitumie hapo, chembe zake zinabaki katikati ya vipande na zinapitisha umeme.

Bushi ya nyuma kavu kabisa. Watu hawajui kwamba kile kitundu nyuma ya dainamo ni cha kuweka matone mawili matatu ya oili ya injini mara mojamoja. Ikikauka bushi inalika, amecha inashuka inaanza kusugua vyuma vya sumaku na hapo ndo dainamo inakufa kweli. Yetu haijafika huko.

Kipimo cha mwisho kabla ya kurudisha: dainamo chini, unaunganisha D na F pamoja unapeleka kwenye negativu ya betri, bodi unaipeleka kwenye pozitivu. Nzima inazunguka yenyewe kama mota, polepole. Ikazunguka. Watoto waliokuwa wanaangalia wakapiga kelele, na baba mdogo naye akaja kuangalia akataka nirudie. Faida nyingine ya kufanya hivyo, sumaku iliyobaki kwenye vyuma inakaa upande unaotakiwa na betri yako, kwa hiyo huna haja tena ya kugusisha waya wa betri kwenye F ili kuipa sumaku.

Imerudi kwenye trekta, D na F pamoja, mita: juu kidogo ya saileni tayari volti 20. Nikazima haraka.

Jumanne

Hapa ndo pakanoga. Nimerudisha waya zote, nawasha, taa nyekundu inawaka. Nakanyaga kidogo, taa inafifia. Nakanyaga tena, inazimika. Dogo ashaanza kushangilia. Nakanyaga zaidi, taa inarudi kuwaka, na safari hii inawaka kali kuliko mwanzo, ukizidisha mafuta inazidi kung'aa.

Dogo akasema dainamo imekufa tena. Mimi nikasema imepona kupita kiasi.

Ile taa haijafungwa na ethi. Upande mmoja unatoka swichi, yaani betri, upande wa pili uko kwenye D ya dainamo. Inawaka kama pande mbili zina tofauti. Dainamo ikiwa haitoi kitu, betri inasukuma umeme kupitia taa kwenda kwenye dainamo, inawaka. Dainamo ikilingana na betri, hamna tofauti, inazima. Ikirudi kuwaka maana yake dainamo imeipita betri mbali, na umeme wake haufiki kwenye betri. Nikaweka mita kwenye D: 20, 23, 26, nikatoa mguu. Kwenye betri 12.5 ileile.

Kwa hiyo vitu viwili havifanyi kazi kwa wakati mmoja, reguleta haizuii na kataauti haiunganishi. Boksi lenye vyote viwili ni la Lucas, lenye herufi A, A1, F, D na E, la aina iliyokuwa kwenye Land Rover za zamani, na sitashangaa kama lilitoka huko. Ndani kuna koili mbili. Ya kwanza ni reguleta, volti zikizidi inavuta kisahani na kupunguza umeme wa F. Ya pili ndo kataauti, hiyo ni bawabu, anafungua geti dainamo ikiwa na nguvu kuliko betri na anafunga injini ikizima, la sivyo betri ingemwagika yote kurudi kwenye dainamo usiku. Altaneta haihitaji bawabu kwa sababu dayodi zinapitisha upande mmoja tu.

Koili mbili kufa siku moja ni ajabu. Lakini zote mbili zinapata ethi sehemu moja, E. Nikapima E na bodi kwa ohmu: hamna. Nikafuata waya, unatoka kwenye E unaingia chini ya bolti ya breketi, na mtu aliyelipaka trekta rangi aliifungua breketi, akapaka rangi vizuri na mgongo wake, akairudisha juu ya rangi mbichi. Chini yake kutu imeshatengeneza maskani. Kwa macho waya umefungwa na umekaza, kwa umeme haupo.

Nikakwangua mpaka chuma cheupe, nikaweka washa ya meno na grisi juu, na nikaongeza waya wa pili kutoka E moja kwa moja mpaka bolti ya ethi ya betri kwenye bodi. Nikawasha, nikakanyaga, ndani ya boksi nikasikia tik. Taa imezima. Betri 13.2, 13.6, 14.

Sasa ile rangi ya kahawia. Nadhani stori yote ni hii: ethi ya boksi ilikatika kwanza, baada ya kupakwa rangi. Toka hapo dainamo ikawa inakimbia bila breki, umeme wake wote unazunguka kwenye koili zake yenyewe kwa volti ambazo haikutengenezewa, taa inawaka kali na dereva anaiona ni taa tu. Koili zikachemka siku baada ya siku mpaka ile risasi kwenye F ikaachia, na hapo ikawa haitoi tena, taa ikarudi kuwaka ya kawaida. Ina maana kama wangenunua dainamo nyingine ya mtumba wakaifunga palepale ingekimbia vilevile nayo ikaungua, na wangesema dainamo za siku hizi feki.

Jumatano, kurekebisha boksi

Visahani vilikuwa vichafu. Vya reguleta nimepitisha msasa laini nikafuta kwa spiriti. Vya kataauti ni laini zaidi, hapo ni kipande chembamba cha msasa wa mbao basi, usipeleke jiwe wala msasa wa chuma.

Kuset: unaweka kikaratasi katikati ya visahani vya kataauti ili dainamo isiunganike na betri, mita kwenye D, unapandisha mizunguko mpaka mshale unapepesuka na kutulia. Kwa nyuzi 20 za joto inatakiwa itulie kwenye 16 na pointi kidogo, kukiwa na joto zaidi inakuwa chini kidogo, na Tabora saa sita mchana sio nyuzi 20. Yetu ilitulia 17.4. Ukizungusha skrubu kulia unapandisha, kushoto unashusha, robo ya mzunguko ni nyingi. Nimeiacha 15.9. Usikae hapo zaidi ya nusu dakika kila ukipima, koili ikipata joto inakudanganya. Alafu kataauti, inatakiwa iunganishe kati ya 12.7 na 13.3, yetu inaunganisha 13, sijaigusa.

Karatasi utoe ukimaliza. Nasema tu.

Alhamisi na Ijumaa, shambani

Limelima kutwa, limezimwa mara kadhaa makusudi na kila mara limewaka kwa ufunguo. Jioni betri 12.7. Usiku tukawasha taa za mbele na zile LED mbili nyuma, kwenye mizunguko ya kazi betri inasoma 13.3, haishuki. Kwenye saileni taa nyekundu inawaka kwa mbali, na dereva akanipigia simu saa mbili usiku akiwa na wasiwasi, nikamwambia kaka hiyo ndo tabia ya dainamo, saileni haichaji, ukiweka mzigo itazima. Kama inawaka kali ukiwa unakanyaga, hapo simamisha trekta nipigie hata saa nane.

Asubuhi nimegusa dainamo baada ya kazi ya usiku, ina joto la kawaida, mkono unakaa. Risasi ya F imeshika.

Gharama mpaka sasa ni kuchaji betri, risasi, kimrija, mita moja ya waya na soda za watoto. Brashi mpya nimeagiza nitazifunga kabla mvua hazijachanganya, na bushi ya nyuma nimepeleka vipimo kwa fundi mashine achonge moja ikae akiba.

Kinachofuata ni lifti. Ukiinua jembe ukazima injini linashuka lenyewe ndani ya dakika chache, na tayari nimeshaambiwa dawa yake ni kununua pampu mpya ya haidroliki. Sijafungua kitu bado. Nikifungua nitaandika nilichokuta.